Gita Haikatazi Diploma



Wengine kati yetu wanasema: "Naacha masomo, naenda Kolwezi kupiga gita, njo kazi yangu." Miye sikatai gita. Lakini tutazame Jean-Bosco Mwenda, mwana wa Bunkeya, aliyezaliwa 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi nyimbo zake kule Jadotville, leo Likasi. Alipiga na vidole viwili tu: gumba linashika besi, kidole cha pili kinaimba. Akapiga mpaka Nairobi. Na tena alifanya kazi ya ofisi, sababu alisoma.

Basi anayetaka kuwa fundi ashike wimbo mmoja, apige pole pole mpaka gumba lisikosee, kisha aongeze mbio. Nusu saa kila siku inapita saa sita za siku ya posho.

Na ninyi walimu, gita ya kanisa inalala ndani ya kabati toka yenga mpaka yenga. Mutukopeshe nusu saa kisha masomo ya mangaribi. Anayepata gita hapa masomoni hatatoroka kuitafuta kwenye bar.