Msizihesabu dola zetu kwenye mkopo wa nyumba

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Siku hizi nikipiga simu kutoka Atlanta nasikia habari za nyumba Ruiru, nyumba Syokimau, benki imeshakubali, imebaki arbuni tu. Nafurahi pamoja nanyi. Ila benki kukubali ni jambo moja, kumudu ni jingine, na watu wa huku walilijua hilo kwa machozi.

Kabla ya 2008, Wamarekani wengi walipewa mikopo yenye riba nafuu kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha riba ikaachwa ipande miaka 28 iliyobaki. Ilipopanda, mishahara ilikuwa palepale. Hapa Georgia, nyumba zilizowashinda wenyewe hupigwa mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwenye ngazi za mahakama ya kaunti, hadharani, anwani moja baada ya nyingine zikisomwa kwa sauti.

Kwetu Kenya mikopo mingi ya nyumba ina riba inayobadilika. Kati ya Mei 2022 na Februari 2024, Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 hadi 13. Sasa chukua mkopo wa shilingi milioni 8 kwa miaka 20. Benki ikikutoza asilimia 13, utalipa kama 94,000 kwa mwezi. Ikifika 17, ni zaidi ya 117,000. Hata isipopanda kamwe, utakuwa umelipa zaidi ya milioni 22. Bado ushuru wa stempu, bado wakili. Ukishindwa, unapewa ilani ya miezi 3, halafu ya siku 40, halafu anakuja dalali. Na bei ya mnada isipofika, deni lililobaki ni lako.

Linaloniuma zaidi ni hili: wengine mnaziandika pesa tunazowatumia kama mapato yenu. Huku mtu huamka na kazi, jioni hana. Karo na hospitali tutazidi kuchangia kwa moyo mmoja, lakini deni la miaka 20 lisiegemee mfuko wetu.

Kabla ya kutia sahihi, mwulize afisa wa mikopo: riba ikiongezeka kwa asilimia 4, nitalipa ngapi? Kama mshahara wako peke yake haufiki hapo baada ya chakula, nauli na karo, tafuta nyumba ndogo zaidi, au endelea kupanga kwanza. Kupanga si aibu. Nipigieni, tuipige hesabu hiyo pamoja kabla hamjalipa arbuni.