Sauti ya Kongo, lebo ya Kampala: nani anamiliki muziki wetu mpya wa dansi?

UCHAMBUZI – Ukitafuta leo albamu za muziki wa elektroniki zilizotengenezwa na wasanii Wakongomani, nyingi utakuta hazikutolewa Kinshasa wala Goma. Zimetolewa Kampala, nchini Uganda, na lebo mbili zinazofanya kazi pamoja: Nyege Nyege Tapes na Hakuna Kulala. Katika orodha ya matoleo ya lebo hizo ya miaka ya karibuni, jina la Kongo linarudi mara kwa mara. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini pia linaleta swali ambalo wasanii wetu wanapaswa kujiuliza kabla ya kutia sahihi popote: kazi hii ikishatoka, inabaki kuwa mali ya nani?

Muziki tunaousema hapa ni ule unaotengenezwa kwa kompyuta na mashine za ngoma, kwa ajili ya kuchezwa usiku. Gitaa likiwemo, linakatwa vipande na kurudiwa. Mwimbaji akiwemo, mara nyingi anarap au anapiga kelele juu ya mdundo. Wengi wetu tumezoea rumba na ndombolo, na kwa mara ya kwanza tunaweza kuona ni fujo. Lakini ukisikiliza vizuri unakuta sebene iko ndani, imeongezewa kasi na kupigwa na mashine.

Kutoka Jinja hadi Ulaya

Nyege Nyege ilianzishwa Kampala na wageni wawili waliohamia huko, Derek Debru na Arlen Dilsizian. Tamasha lao la kwanza lilifanyika mwaka 2015 huko Jinja, kando ya mto Nile. Jina hilo linawatia aibu kidogo wasemaji wa Kiswahili. Waanzilishi wanasema limetoka katika Kiluganda, likimaanisha hamu ya ghafla ya kucheza. Maelezo hayo hayakuwaridhisha wakubwa wote wa Uganda. Mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo, na mwezi Septemba 2022 bunge la Uganda likataka lisimamishwe. Mara zote mbili liliruhusiwa baadaye.

Lebo ya Nyege Nyege Tapes ilianza kujulikana mbali mwaka 2017 ilipotoa "Sounds of Sisso", mkusanyiko wa singeli kutoka Dar es Salaam. Singeli ulikuwa muziki wa mitaa ya uswahilini, wa kasi kupita kiasi, ambao redio kubwa za Tanzania zilikuwa zimeuchelewesha mlangoni. Baada ya mkusanyiko huo, vijana waliokuwa wakipiga kwenye sherehe za mitaani walianza kuitwa Ulaya. Mwaka 2024 Sisso na Maiko wametoa tena "Singeli Ya Maajabu" kwenye lebo hiyo.

Mwaka 2018 ilizaliwa Hakuna Kulala, kwa ajili ya muziki wa klabu wa kizazi kipya cha Afrika Mashariki na Kongo. Mmoja wa waliohusika tangu mwanzo ni Mkongomani, Rey Sapienz, na toleo lake la kwanza kwenye lebo hiyo lina jina hilohilo, "Hakuna Kulala". Kwa hiyo Wakongomani hawakuja hapo kama wageni waalikwa. Mmoja wao alikuwepo nyumba ilipokuwa inajengwa.

Matoleo yenyewe

Tuangalie kazi chache. Mwaka 2021 Rey Sapienz na kundi lake, The Congo Techno Ensemble, walitoa albamu "Na Zala Zala". Ndani yake kuna mashine, ngoma za mkono na sauti za watu waliokua wakiisikia vita mashariki mwa nchi. Ni muziki wa kucheza, lakini si muziki wa kusahau.

Chrisman, Mkongomani mwingine anayefanya kazi Kampala, alitoa "Ku Mwezi" kwenye Hakuna Kulala. Jina lenyewe ni Kiswahili chetu: Mtanzania angesema "kwenye mwezi" au "mwezini", lakini mtu wa Goma au Bukavu analielewa bila kutafsiriwa. Chrisman pia ni mmoja wa watengenezaji wa midundo ya "Yallah Beibe", albamu ya mwaka 2023 ya MC Yallah, rapa anayejulikana sana Kampala. Maana yake mkono wa Mkongomani unasikika hata pale ambapo jina lake haliko juu ya jalada.

Mwaka huohuo 2023, Nyege Nyege Tapes ilitoa "Molende" ya mpiga gitaa Titi Bakorta. Hii ndiyo ningempa mzee anayesema muziki wa kompyuta hauna roho. Gitaa ni lile la soukous tulilolizoea, nyuma yake mashine inapiga mdundo usiochoka, na sauti zinaingia na kutoka kama watu wanaopita kwenye nganda. Mtu aliyekulia kwenye sebene hatapotea humo.

Kwa nini Kampala na siyo Goma?

Jibu la kwanza ni usalama. Rey Sapienz ni mtu wa mashariki aliyebaki Uganda wakati vita vilipozidi. Hayuko peke yake: Uganda inahifadhi wakimbizi Wakongomani zaidi ya nusu milioni. Kati ya watu wengi hivyo lazima wawemo wanamuziki.

Tangu wakati huo hali haijawa rahisi. Bunagana, mpaka ambao wengi waliutumia kwenda Kampala, uliangukia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022. Januari 2025 waasi hao waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma nao ukafungwa. Tarehe 13 Februari 2025 mwimbaji Delcat Idengo, aliyejulikana kwa nyimbo zake kali juu ya vita na utawala, aliuawa kwa risasi mjini Goma. Katika mazingira kama haya, kumuuliza kijana kwa nini hajengi studio nyumbani ni kumwonea.

Jibu la pili ni vifaa na watu. Kampala lebo hizo zina studio, mahali pa kulala wasanii wanaotoka nje, na tamasha la kuwaonyesha. Msanii wa Kongo anakutana hapo na mtengenezaji kutoka Kenya, Japani au Ureno, na baada ya wiki chache kazi imekamilika. Kinshasa ina vipaji vya kutosha, lakini mashirika yanayotoa muziki wa namna hii yako nje. Kundi la KOKOKO!, lililotoka mitaa ya Kinshasa, limetoa "Fongola" mwaka 2019 na "Butu" mwaka 2024 kwa lebo ya Transgressive ya London. Fulu Miziki, wanaotengeneza ala zao kwa takataka, wametoa "Ngbaka" mwaka 2022 kwa Moshi Moshi, nayo ni ya London.

Historia inajirudia?

Msomaji mwenye kumbukumbu atasema haya si mapya. Konono N°1, kundi la mzee Mingiedi Mawangu, lilikuwa likipiga likembe kwa umeme Kinshasa kwa miaka mingi, kwa vinasa sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za vyuma chakavu. Dunia ilikuja kulijua mwaka 2004 na 2005, albamu "Congotronics" ilipotolewa na lebo ya Crammed Discs ya Brussels. Sauti ilitoka kwetu, jalada likatoka Ubelgiji.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1948 lebo ya Ngoma ilianzishwa Léopoldville na mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis. Loningisa, ambako Franco alianza akiwa bado kijana mdogo, nayo ilikuwa ya Wagiriki. Lakini hadithi haikuishia hapo. Baada ya uhuru wanamuziki wenyewe walianza kufungua lebo zao: Franco na Les Editions Populaires, Verckys na Vévé. Kinshasa ilikuwa hata na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri, MAZADIS. Kwa miaka kadhaa wimbo uliweza kutungwa, kurekodiwa, kuchapwa na kuuzwa bila kuvuka mpaka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, ya kutolewa na mgeni, si laana. Hatari ni kubaki kwenye hatua hiyo bila kwenda kwenye ya pili.

Pesa zinapita wapi?

Lebo ndogo za namna hii hazitegemei redio. Zinauza hasa kupitia Bandcamp, tovuti ambapo msikilizaji ananunua albamu moja kwa moja. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na inashuka hadi 10 kwa wanaouza zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka.

Tufanye hesabu ya mfano tu, isiyo ya mkataba wa lebo yoyote. Albamu inauzwa dola 8. Bandcamp inachukua dola 1.20, na ada za malipo zinachukua senti 40 hivi. Zinabaki dola 6.40. Kama mkataba ni nusu kwa nusu, jambo la kawaida kwa lebo ndogo, msanii anapata dola 3.20. Watu 100 wakinunua, ni dola 320.

Sasa tulinganishe na kusikilizwa kwa mtiririko. Spotify, iliyofika Kongo mwishoni mwa 2021, kwa wastani huleta dola 3 hadi 4 kwa kila mara elfu moja wimbo unaposikilizwa, na pesa hizo pia zinagawanywa na lebo. Ili msanii afikie dola 320 zilezile, nyimbo zake zinahitaji kusikilizwa mara zaidi ya 180,000. Na tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi kumi na miwili haulipwi chochote kwa rekodi.

Ndiyo maana mashabiki mia moja wanaonunua wana thamani kuliko umati unaopita. Lakini hata Bandcamp si nyumba ya milele. Mwaka 2022 ilinunuliwa na Epic Games, mwaka uliofuata ikauzwa kwa Songtradr, na nusu ya wafanyakazi wakaondolewa. Soko la muziki wetu linaweza kubadilishwa na watu wasiojua kwamba tupo.

Pesa kubwa zaidi iko kwenye maonyesho, hasa Ulaya. Hapo pasipoti ya Kongo inakutana na ukuta wa viza. Lebo yenye barua nzuri na mawakala inasaidia kuupita. Msanii aliyeko peke yake nyumbani, benki zikiwa zimefungwa, anabaki na mialiko kwenye simu.

Neno moja kwenye mkataba

Kuna tofauti moja ambayo inafaa ijulikane na kila kijana mwenye kompyuta: kuuza na kukodisha. Ukiuza rekodi yako, lebo inakuwa mwenye mali, na watoto wako watakuwa wasikilizaji tu. Ukiikodisha kwa miaka mitano au saba, lebo inafanya kazi yake na kupata faida yake, halafu rekodi inarudi kwako. Pesa ya mwanzo inaweza kuwa ileile. Kinachobadilika ni nani atapokea simu siku filamu au tangazo litakapoutaka wimbo huo miaka kumi baadaye.

Mambo mengine ni madogo lakini yana uzito. Wenzako mliotengeneza wimbo pamoja muandike nani ana asilimia ngapi, siku ileile, kabla ya mafanikio kuleta ugomvi. Faili za asili za wimbo zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Aliyekimbia Goma usiku na kuacha kompyuta nyuma hahitaji kuelezwa kwa nini. Na jina la mtengenezaji wa mdundo liandikwe kwenye toleo, kwa sababu jina lisiloandikwa halilipwi.

Serikali nayo haiwezi kukaa pembeni. Haki za watunzi nchini bado zinaongozwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, iliyoandikwa wakati wa kaseti. SOCODA, shirika linalokusanya haki hizo, lipo, lakini msanii wa elektroniki aliyeko Bunia au Kampala ana njia gani ya kujiandikisha na kulipwa bila kupanda ndege kwenda Kinshasa? Mwezi Desemba 2021 tulisherehekea rumba kuingia kwenye orodha ya UNESCO, na ilistahili. Lakini rumba nayo ilikuwa siku moja muziki wa vijana, wenye ala mpya na kelele zilizowaudhi wazee.

Lebo za Kampala zimefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya: zimewasikiliza vijana wetu, zimewapa studio, zimeweka majina yao mbele ya dunia. Kuzilaumu kwa hilo ni kumlaumu jirani aliyempokea mtoto wako wakati nyumba inaungua. Lakini mtoto akikua, ni haki yake kujua kilicho chake. Franco alipita kwenye lebo ya mgeni, akaondoka, akafungua yake. Kizazi cha Rey Sapienz na Chrisman tayari kina nusu ya safari hiyo mkononi, kwa kuwa kinajua lebo inavyoendeshwa kutoka ndani. Toleo la kungojea sasa ni lile litakaloandikwa nyuma ya jalada: limerekodiwa, limemilikiwa na limetolewa Kongo.