Saa 48 ni saa 48, hata kwa ANR



Mwezi uliopita, kijana mumoja wa kartiye yetu alitoka nyumbani kununua kredi. Hakurudi. Ni rafiki yangu, tulimaliza iniversite pamoja. Siye wawili diploma iko ukutani, kazi hakuna.

Jioni mama yake akaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza: "hatumujue." Ya pili: "rudi kesho." Ya tatu walipokea chakula bila kusema kama mutoto iko pale ao hapana. Bakuli ikarudi tupu. Njo pale mama alijua mutoto wake iko muzima.

Siku 11. Hakuna avoka, hakuna karatasi, hakuna muzuzi. Kisha wakamufungulia usiku na kumuambia: "Uangalie vile unaandikaka mu WhatsApp." Jina ya ile ofisi siitaje hapa, juu mama yake ameniomba. Ona vile woga inafanya kazi: hata mimi naandika nikiwa nimefunga mudomo nusu.

Tusiseme ni bahati mbaya. Inafanyika juu sheria imeacha mulango wazi.

Katiba yetu, artikle 18, iko wazi: mutu akikamatwa, aambiwe papo hapo sababu, mu luga anayosikia. Aonane na jamaa yake na avoka wake. Asishikwe kupita saa 48. Saa 48 ikiisha, ni mambo mbili tu: aachiliwe, ao apelekwe mbele ya sheria. Hakuna mahali katiba inasema "isipokuwa ANR".

Lakini ANR inatembea na dekre-loi 003/2003 ya tarehe 11 mwezi wa kwanza 2003. Angalieni ile tarehe. Katiba ni ya 2006. Ile dekre ilitoka mbele hata serikali ya mupito ianze, bila depite hata mumoja aliyechaguliwa na raia kuinua mukono. Mule ndani, ma OPJ wa ANR wanatii mukubwa wa ANR peke yake. Na mbele parke ifuate ajenti wa ANR, inapashwa kwanza kuuliza uyo mukubwa anasema nini. Ni sawa na kwenda kumuuliza baba ya mwizi kama mwizi anaweza kushitakiwa! Ilitimiza miaka 20 mu 2023, na matunda yake tumeyaona.

Tarehe 15 mwezi wa tatu 2015, Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa, mu mukutano wa vijana. ANR iliwashika zaidi ya mwezi muzima mbele ya kuwapeleka parke. Waliachiliwa mwezi wa munane 2016. Mutasema: ilikuwa zamani, ilikuwa utawala ingine. Sawa. Mu 2019 raisi Tshisekedi aliahidi kufunga makasho ya ANR, na zingine zilifungwa kweli. Lakini ahadi ya raisi si sheria. Tarehe 5 mwezi wa pili 2022, ANR ilimukamata François Beya, aliyekuwa mushauri wa raisi mwenyewe juu ya usalama. Alifika Makala mwanzo wa mwezi wa ine. Karibu miezi mbili, si saa 48. Mutu aliyekuwa mukubwa wa usalama wa inchi nzima, naye alikosa artikle 18! Kasho bila sheria haichague mutu. Wakubwa wanaoitumikisha leo wafikiri vizuri.

Wengine watatuambia: "Inchi iko mu vita, acheni wapelelezi wafanye kazi." Siye watu wa Kivu, nani atatufundisha vita? Beni watu wanachinjwa tangu mwezi wa kumi 2014. Wapelelezi wa kweli tunawataka kuliko mutu yeyote: wajue adui iko wapi mbele hajafika. Lakini ni nani amewahi kuwauliza mbele ya raia: juu ya nini hamukujua? Wana nguvu ya kusoma mesaji ya kijana asiye na kazi, kisha adui akiingia muji, habari tunaipata pamoja nao ku redio. Mutu asiyeulizwa hafanye kazi muzuri.

Siri ya kazi tunaikubali. Kupiga mutu si siri ya leta, ni kosa: sheria ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 inaazibu kutesa watu. Na artikle 61 inasema hata wakati wa état de siège, ile katazo haiguswe.

Tunadai mambo tatu:

1. Dekre-loi ya 2003 ibadilishwe. OPJ wa ANR awe chini ya parke sawa wenzake, na ile kuuliza mukubwa kwanza ifutwe.

2. Hakuna kasho ya siri. Parke na CNDH waingie siku yoyote bila kubisha mara mbili.

3. Bunge iweke komisyo ndogo, majorite na opozisyo, walioapa kushika siri, imuulize mukubwa wa ANR: nani amefungwa, feza imeenda wapi, mulikosea wapi. Artikle 138 imeshawapa njia ya kufanya ankete. Moyo njo unakosa.

Wakati wa uchaguzi kandida wanakuja na tisheti na sukari. Tuwaulize kila mumoja: "Utapiga kura kubadilisha sheria ya ANR, ndiyo ao hapana?" Atakayecheka tu, asipate sauti yetu.

Na mwenzetu akikamatwa, tuandike saa, mahali, namba ya gari. Tujulishe avoka na CNDH siku ile ile. Saa 48 ikipita, tusimame wote, bila jiwe, bila matusi, lakini bila kunyamaza.

Juu mama hapashwe kujua kama mutoto wake iko muzima kwa kuangalia bakuli.