Mikanda imekuwa mingi kuliko mabondia

Mhariri,

Nimeingia nyumbani alfajiri hii, mfuko mtupu, na ninaandika kabla hasira hazijapoa.

Bango lilisema "Ubingwa wa Dunia". Nikalipa kiingilio, nikambeba na shemeji yangu, tukawahi viti jua halijazama. Pambano lenyewe likaanza baada ya saa saba usiku! Kabla ya hapo kila utangulizi ulikuwa na mkanda wake: wa taifa, wa Afrika Mashariki, wa mabara, wa vijana, na mwingine hata mtangazaji alibabaika kuutaja. Mikanda ilipangwa mezani inang'aa kama vyombo vya harusi. Kisha bondia wetu akaletewa mgeni, kitambi kimemwagika juu ya bukta. Raundi ya pili akapiga goti, akashika mbavu, akagoma kuinuka. Nilikuwa jirani na kamba, ngumi ile iliishia kwenye glovu yake mwenyewe. Tukatangaziwa bingwa wa dunia.

"Dunia ipi, shemeji?" Sikuwa na jibu.

Maana vyama vikubwa tu ni vinne, WBA, WBC, IBF na WBO, na kila kimoja kina bingwa wake. WBA imewahi kuwa na bingwa mkuu, bingwa wa kawaida na bingwa wa muda katika uzito uleule. Chini yao kuna vyama vidogo chungu nzima. Kila mkanda una ada yake, ndiyo maana mikanda haiishi. Bondia Oleksandr Usyk alimpiga Tyson Fury Mei 2024 akakusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu. Mwezi uliofuata akauachia mmoja, kisa anataka kurudiana na Fury badala ya kupigana na aliyepangiwa na chama.

Na uzito je? Zamani madaraja yalikuwa manane, leo yamezidi maradufu. Kati ya la chini kabisa na linalofuata hakuna hata kilo moja na nusu. Bondia akimaliza chupa kubwa ya maji, kahama daraja.

Na kilichotuchelewesha ni kumsubiri mgeni rasmi. Mheshimiwa kafika usiku mnene, kapanda ulingoni na kipaza sauti kuhotubia barabara na maji, vijana wamekaa na bandeji mikononi, jasho la kupasha limeshawakauka. Wanasiasa hawa siwashangai. Uchaguzi ukikaribia wanakata wilaya, wanakata jimbo, kila kipande kipate mheshimiwa wake na gari lake. Waone aibu gani kuvalisha mtu mkanda wa bandia?

Wanaosimamia ngumi walazimishe bango liandike chama kinachotoa mkanda na rekodi ya mpinzani, ameshinda mara ngapi na kapigwa mara ngapi. Na pambano kubwa lianze daladala zikiwa barabarani. Bodaboda wa saa tisa usiku ametutoza karibu sawa na kiingilio.

Mpenda ngumi,
Temeke, Dar es Salaam