Mtoto Asiye na Chake Atatoa Nini?

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, Kariakoo ya Dar es Salaam na Darajani ya Unguja hazipitiki. Magauni ya malinda, kanzu za watoto, viatu vinavyowaka taa kisiginoni, miwani ya plastiki. Desemba hali huwa hiyohiyo, wateja tu ndio wengine. Na kila msimu lawama hurudi mimbarini na redioni: tunalea watoto wa kupokea, sikukuu imegeuka ya madukani.

Lawama hiyo ina ukweli wake, ila inampiga asiyehusika. Nguo mpya ya sikukuu haikuanza juzi. Wazee wetu nao walijinyima ili mtoto aende uwanjani amependeza, na hakuna aliyekuwa bahili kwa sababu ya kanzu. Wapo wanaotaka matangazo yadhibitiwe. Jimbo la Quebec huko Kanada limepiga marufuku tangu 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Sheria nzuri. Lakini kwetu tangazo kubwa kuliko yote ni mtoto wa jirani aliyepita uani na viatu vipya, na huyo hana wa kumzima.

Kilichobadilika hasa ni kazi ya mtoto katika sikukuu. Alikuwa mjumbe. Siku za Ramadhani, jua likikaribia kuzama, yeye ndiye aliyebeba sahani ya tambi mpaka nyumba ya tatu, akarudi na sahani ileile ina kaimati, kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Idi ya kuchinja alizungushwa mtaa mzima na mafungu ya nyama. Hakuna aliyemhubiria ukarimu, alitumwa tu. Huko alikotumwa alijua nani anauguliwa, jiko la nani halijawashwa, na namna ya kupiga hodi na kukabidhi kitu bila kumtia mtu aibu.

Siku hizi simu imemfuta kazi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na sasa mkono wa Idi wa shangazi aliyeko Mombasa unaingia moja kwa moja kwenye simu ya baba aliyeko Temeke. Sadaka ya baba nayo inatoka kwa njia hiyohiyo. Siulaumu mtandao, umewafikia wengi ambao sahani isingewafikia. Tatizo ni kwamba mtoto haoni chochote kikitoka. Anachokiona ni gauni limeingia.

Zakatul-fitri inaonyesha tunachopoteza. Kila kichwa nyumbani, hata cha mtoto mchanga, hutolewa pishi moja ya chakula cha mahali hapo, yaani kama kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele au unga, na imfikie maskini kabla ya swala ya Idi. Ikichelewa huhesabiwa sadaka ya kawaida. Maana yake kila mtoto wa Kiislamu ana pishi iliyotoka kwa ajili yake. Wangapi wanalijua hilo? Baba huhesabu vichwa, akazidisha, akalipa kwa mkupuo watoto wakiwa wamelala. Kama pesa taslimu inatosha badala ya nafaka, nawaachia masheikh fikihi yao: wa madhehebu ya Hanafi wanaruhusu thamani yake, wa Shafii wanashikilia chakula. Kimalezi nina upande. Mchele uliopimwa mbele ya mtoto, akaubeba mwenyewe, unamwambia jambo ambalo muamala wa simu hauwezi.

Halafu kuna lile la “lete nikuwekee”. Mtoto anazunguka kwa wajomba na mashangazi, anarudi na noti zake, mama anazipokea, na tangu hapo hazionekani tena. (Watoto wote wa pwani wanaidai benki hii.) Kesho yake anaambiwa kutoa ni moyo, si utajiri. Moyo anao, hana hata shilingi. Mwaka 2012 mtafiti Lara Aknin na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Kanada kwa watoto ambao hawajatimiza miaka miwili: walionekana na furaha zaidi walipotoa kitafunwa kuliko walipopewa, na zaidi tena kilipokuwa chao wenyewe. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini mwelekeo wake unaniingia akilini.

Ndiyo maana siyapendi yale matembezi ya Krismasi na Idi kwenye vituo vya yatima, mtoto aliyevalishwa mapya akikabidhi mfuko wa nguo chakavu mbele ya kamera. Anachojifunza ni kwamba kutoa ni kuondoa usichokitaka, kisha unapigwa picha. Na mtoto wa kituoni, ambaye hakuulizwa kama anataka kupigwa picha, anajifunza nini?

Basi, mzazi, sikukuu ijayo nunua gauni kama unaliweza. Pishi yake ipimwe naye akiwepo, aipeleke kwa miguu yake. Mkono wake wa Idi mwachie. Akiumaliza wote kwa aiskrimu, usimseme; mwakani atapata mwingine.