Redio Ikinyamaza, Nyumba Hukosa Jirani

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za kwetu redio ilikuwa na makao yake maalumu. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na betri zake zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya jioni. Baba aliisikiliza kwa ajili ya habari, mama kwa ajili ya salamu na matangazo ya vifo, na watoto waliusubiri mchezo wa kuigiza. Haikuwa mali ya mtu mmoja.

Sasa tafakari kwamba asubuhi moja unaiwasha, unausogeza mshale mpaka pale pale ulipozoea, na husikii kitu ila mvumo. Betri ni mpya, na waya wa kunasia mawimbi umesimama sawasawa. Redio yako ni nzima. Kituo ndicho kilichokufa. Hayo ndiyo yaliyowapata jirani zetu wa Burundi mwezi Mei 2015, na leo ningependa tuzungumze habari za vituo vile vidogo vya Bujumbura na safari yao ndefu ya kurudi hewani.

Kwanza yatupasa kujua vilikuwa vituo vya namna gani. Vilizaliwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, wakati Mhutu na Mtutsi walipoogopana hata kupita mtaa mmoja. Mwaka 1995 kilianzishwa chumba cha kutayarishia vipindi kilichoitwa Studio Ijambo, ambamo waandishi wa pande zote mbili waliketi meza moja. Kuanzia mwaka 1997 chumba hicho kilitoa mchezo wa redio ulioandikwa na Bibi Marie-Louise Sibazuri, uitwao Umubanyi Niwe Umuryango. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kubwa kuuelewa: jirani ndiye jamaa. Ulisimulia maisha ya familia mbili zinazopakana, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, na watu waliokuwa hawasalimiani njiani wakawa wanaufuatilia mchezo mmoja.

Vituo navyo vikafuata. Radio Publique Africaine, ambayo wengi huiita RPA, ilianzishwa mwaka 2001, ikaajiri hata watu waliowahi kushika bunduki upande huu na ule. Isanganiro, yaani mahali pa kukutania, ilianza mwaka 2002. Bonesha ilikuwapo pia, na jina lake kwa Kirundi maana yake ni kumulika. Havikuwa vituo vikubwa wala vyenye fedha nyingi. Lakini mtu aliyepotelewa na mtoto, au aliyenyang'anywa shamba, alijua pa kupeleka neno lake. Mapenzi hayo yalionekana mwezi Februari 2015, pale mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alipotoka katika gereza la Muramvya. Alikuwa amefungwa mwezi mmoja kwa sababu ya vipindi kuhusu mauaji ya masista watatu wa Kiitalia. Maelfu ya watu walitoka kumlaki njiani.

Mwezi Aprili mwaka huo huo chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, na maandamano yakaanza. Serikali iliifunga RPA, ikazima mitambo iliyokuwa ikipeleka matangazo ya Isanganiro na Bonesha nje ya Bujumbura. Yafaa tueleze hapa kwamba mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa taa, yakikutana na kilima husimama. Nchi yenye milima kama Burundi huhitaji mitambo ya kupokezana juu ya vilele. Mitambo hiyo ikizimwa, mji husikia na vijiji vya mlimani hubaki gizani.

Tarehe 13 Mei, Rais akiwa Dar es Salaam katika mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio hizo za binafsi kwamba serikali imeangushwa. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliichoma Rema FM, redio iliyokuwa ikiiunga mkono serikali. Jaribio la mapinduzi lilipoanza kushindwa, watu wenye silaha, baadhi yao wakiwa na sare za polisi, walizishambulia RPA, Bonesha, Isanganiro na kituo cha Renaissance. RPA iliteketea kwa moto. Angalia basi, ndugu msomaji: kwa muda wa siku mbili tu kila upande uliuchoma mdomo uliosema kinyume chake, na mwananchi wa kawaida, ambaye hakushika kiberiti, ndiye aliyeachwa bila habari. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Wakati huo makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wakimiminika Kagunga, kijiji kidogo cha Mkoa wa Kigoma kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Meli kongwe ya Liemba iliwasomba kutoka huko mpaka Kigoma mjini. Mkimbizi hukimbia zaidi ya bunduki. Hukimbia pia uvumi, maana pasipo na habari ya kweli kila mlio wa usiku huwa ni jeshi, na kila mgeni huwa ni muuaji.

Waandishi wengi walikimbilia Kigali, wakaanzisha redio bila kuwa na mnara. Moja iliitwa Inzamba, yaani baragumu, na nyingine Humura, yaani usiogope. Walirekodi taarifa, wakazituma kwa simu za mkononi, na simu moja ikaipelekea nyingine. Ulikuwa ujasiri mkubwa, wala hapana haki ya kuudharau. Hata hivyo redio ya mezani husikilizwa na nyumba nzima, ilhali simu husikilizwa na sikio moja, tena kwa kujificha. Bibi mzee aliye kijijini, mwenye redio ya betri na asiye na simu ya namna hiyo, hakufikiwa na baragumu lile. Nyumba iliyokuwa ikibishana pamoja juu ya habari moja, sasa kila mmoja alikuwa na habari yake mfukoni.

Huenda ukauliza, kwa nini wasinunue mtambo mwingine wakaendelea? Mtambo, kipaza sauti na mnara vyaweza kununuliwa. Lakini redio hairudi hewani kwa chuma peke yake. Inahitaji kibali, na inahitaji watu.

Kibali kilikuja kwa kipimo kidogo sana. Mwezi Februari 2016 Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kufungua, baada ya kutia sahihi ahadi ya kutangaza bila upendeleo na bila kuhatarisha usalama wa nchi. Hizo nyingine zilingoja. Septemba 2017 Baraza la Mawasiliano la nchi hiyo liliziondolea kabisa leseni RPA, Bonesha na Renaissance. Ndipo Januari 2021 Rais mpya, Évariste Ndayishimiye, alipotaka vyombo vya habari na Baraza hilo wakae wazungumze, na mwezi uliofuata Bonesha nayo ikatia sahihi na kuruhusiwa. Miaka mitano na miezi tisa ilikuwa imepita. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa moto alikuwa amefikia umri wa kwenda shule.

Ama kuhusu watu, habari ni chungu. Mwezi huo huo wa Februari 2021 ilitangazwa hukumu iliyokuwa imetolewa Juni 2020: watu 34 walihukumiwa kifungo cha maisha kwa mashtaka ya jaribio lile la mapinduzi, bila wao kuwapo mahakamani. Miongoni mwao walikuwamo waandishi kadhaa waliokuwa uhamishoni. Na mwezi Machi serikali ya Rwanda iliziambia redio za Warundi zilizokuwa Kigali zikome kutangaza. Hivyo mlango mmoja ulifunguliwa Bujumbura, na mwingine ukafungwa Kigali.

Sitaki kumficha msomaji upande wa pili wa jambo hili. Serikali za eneo la Maziwa Makuu zina sababu ya kuogopa redio. Rwanda, mwaka 1994, kituo kiitwacho RTLM kilichochea watu wawaue jirani zao. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Redio ni kama moto wa jikoni, hupika na huunguza. Lakini hakuna mwenye akili anayezuia nyumba kuungua kwa kupiga marufuku kupika. RTLM ilimfundisha mtu kumchukia jirani yake. Mchezo wa Bibi Sibazuri ulimfundisha kumsikiliza. Anayezizima redio zote kwa kosa la moja huwaadhibu waliopika pamoja na waliochoma.

Je, walifanya vema waliotia sahihi ile ahadi? Nimelifikiri swali hili mara nyingi. Wako wasemao kwamba redio inayorudi kwa masharti hurudi ikiwa kiwete. Mimi nashika upande wa waliosaini, maana kiwete aliye nyumbani huweza kubisha hodi kwa jirani, na aliyekufa hawezi. Lakini sahihi ile ni mwanzo tu. Msikilizaji aliyesikia mvumo kwa miaka karibu sita hatarudishwa na mlio wa kipindi. Atarudishwa siku atakapopeleka tena neno lake kituoni, na kulisikia likisemwa kama lilivyo.

Nawe, msomaji wangu, ukiwasha redio leo jioni ukasikia mtu akilalamika juu ya bomba la maji lililokauka au karani aliyeomba chochote, usiseme ni kelele za kila siku. Keti pamoja na wanao, msikilize, mjadiliane. Kelele hizo ndizo ziwaambiazo watoto kwamba jirani yupo, yu hai, na ana haki ya kusikika. Walioishi Bujumbura Mei 2015 wanajua thamani yake, kwa kuwa waliamka siku moja wasizisikie.