Betri ikifa, usimwachie mwenye mkokoteni

KAULI YANGU
Na Mwanahamisi Tsuma

Watu wengi hudhani baridi ndiyo adui wa betri ya gari. Baridi huifichua tu betri ambayo tayari imechoka; kinachoichosha ni joto. Joto hukausha maji yake na kuharakisha kutu kwenye sahani zake za ndani. Basi sisi wa Mombasa, ambako gari hushinda juani kutwa, hununua betri mara nyingi kuliko tunavyopenda. Asubuhi moja unazungusha ufunguo, stata inagonga tu na taa za dashibodi zinafifia. Jirani anasogeza gari lake, nyaya zinaunganishwa, gari linawaka. Kesho yake yanarudi yale yale, na hukumu inatolewa: betri imekufa.

Tusikimbilie hukumu hiyo. Betri nyingi zinazotangaziwa kifo bado zina uhai. Fundi makini hufungua boneti, akaangalia vichwa vya betri kama vimeota unga mweupe, akavisugua na kuvikaza, ndipo akatoa mita. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12 au chini ya hapo, haina chaji, na hilo peke yake halimaanishi imeharibika. Injini ikiwaka, mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4; isipopanda, mgonjwa huenda ni alteneta, na hata betri mpya utakayonunua italala baada ya muda mfupi. Betri yako ya zamani iweke kwenye chaja usiku kucha, mahali penye hewa na mbali na moto kwa sababu hutoa gesi inayolipuka, kisha ipimwe ikiwa imebebeshwa mzigo.

Tuseme imethibitika kweli imekufa. Unanunua mpya, ile kuukuu inakaa barazani, hadi anapopita mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, akakupa chochote na kuibeba. Wengi wetu huona jambo limekwisha hapo. Mimi naona ndipo linapoanza.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Jiko la makaa linatosha. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye shoka na sufuria anaweza kuifanya kazi hiyo uani kwake, na nimeitazama ikifanyika. Betri inapinduliwa, asidi inatoa povu juu ya simenti ikielekea mtaroni. Shoka linapasua plastiki. Sahani zinakung'utwa, na vumbi la kijivu linatua miguuni, kwenye ndoo ya maji, kwenye kanga zilizoanikwa. Risasi ikishayeyuka inamiminwa kwenye mchanga kutengeneza chubwi za wavuvi. Pembeni, mtoto anaokota matone yaliyoganda na kuyachezea.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, sumu hiyo huingia kwenye ubongo ambao bado unakua, na inachoharibu humo hakirudi. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 kutokana na kazi ya kuvunja betri kuukuu mtaani.

Sisi hatuna haja ya kwenda hadi Senegal. Tunayo Owino Uhuru, pale Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilijengwa kikapakana na kijiji hicho cha nyumba za udongo na mabati. Moshi ulitua juu ya mapaa, maji machafu yakapita vichochoroni. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaacha kazi na kuanza kupigania wenzake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ilikuwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Tangu moshi wa kwanza hadi hukumu ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikiwaka alikuwa amekaribia utu uzima.

Betri zilizoyeyushwa pale zilitoka kwenye magari kama yangu na yako. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba betri kuukuu ni shughuli ya mwenye mkokoteni peke yake. Nauheshimu mkono wake unaotafuta riziki. Aendelee kukusanya, lakini alipwe kuifikisha betri ikiwa nzima, na asidi yake ndani, kwa mwenye leseni. Leo hana motisha hiyo. Akiipasua na kuuza risasi tupu anapata mnunuzi papo hapo.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeshawawekea watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hadi zinapogeuka taka. Basi na tuanzie dukani. Mnunuzi atozwe amana juu ya bei ya betri mpya, arudishiwe anapoleta ya zamani, na muuzaji asiwe na hiari ya kuikataa. Orodha ya wanaoruhusiwa kuyeyusha ibandikwe ukutani katika kila duka la betri, kila mteja aione. Na kabla kiwanda kingine cha namna hiyo hakijapewa kibali karibu na makazi ya watu, wakazi waelezwe kwa lugha wanayoielewa kitakachotoka kwenye bomba lake la moshi.

Wewe mwenye betri kuukuu nyumbani, usiyamwage maji yake, hata kwenye choo. Isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na watoto na maji ya kunywa. Siku ya kununua nyingine nenda nayo, na umuulize muuzaji ataipeleka wapi. Akikosa jibu, tafuta duka jingine.